Saa nane usiku, nani abonyeze "Ndiyo"?

Mhariri,

Safu yenu ya kompyuta imewashauri wasomaji waziite makro (orodha za amri zilizohifadhiwa) za Microsoft Access, programu ya hifadhidata, kutoka kwenye programu zao, ili kazi za usiku zijiendeshe. Ushauri si mbaya, ila umeruka penye miiba.

Kazi yangu ni kutunza hifadhidata za watu. Kuiita makro ni rahisi: programu inafungua Access na faili, inaandika DoCmd.RunMacro na jina la makro, basi. Tabu ni kwamba makro nyingi ziliandikiwa mtu aliyekaa mbele ya skrini. Ikifika kwenye amri ya kufuta rekodi, Access inauliza kama una hakika. Hakuna wa kujibu, na asubuhi unaikuta bado inasubiri, imeling'ang'ania faili.

Wengine huzima maonyo hayo, na hapo ndipo tunapogombana. Ukiyazima ndani ya makro, Access huyawasha tena makro inapokwisha. Ukiyazima kwenye msimbo wa VBA, lugha ya programu iliyomo ndani ya Access, yanabaki yamezimwa hadi uyawashe mwenyewe au Access ifungwe. Kosa likitokea katikati, mstari wa kuyawasha haufikiwi, na anayefuata anafuta rekodi bila kuulizwa kitu.

Mimi amri kama hiyo naitoa kwenye makro na kuiendesha kwa Execute, njia ya VBA ya kutekeleza amri moja kwa moja, pamoja na dbFailOnError, agizo la kutoa kosa amri ikishindwa. Haiulizi, na ikishindwa inapiga kelele. Naomba safu ijayo ieleze hilo, na pia AutoExec, makro inayojiendesha faili likifunguliwa tu, hata kama hukuiita.

Mtunza hifadhidata