Chubwi la kutembea si la wavivu

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita mlichapa barua ya msomaji wa Morogoro aliyesema kuwa mtu anayevua mtoni kwa mshipi na kutumia chubwi la kutembea, yaani kizito kinachoteleza kwenye uzi, ni mvivu, na kwamba chubwi lazima likazwe, lifungwe lisisogee. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikamtuma mjukuu aninunulie karatasi.

Mimi nilikuwa fundi kwenye kivuko cha Ndundu, mto Rufiji, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kivuko kikakosa kazi. Walioipita njia ya Lindi na Mtwara enzi zile wanakumbuka foleni ya malori masika. Maji yakipanda, kivuko kinafungwa kamba, dereva analala chini ya lori lake, na fundi hana la kufanya ila kutafuta kitoweo. Hapo ndipo nilipojifunza mshipi. Machubwi ya dukani hatukuwa nayo. Tulikuwa na nati.

Nati ya spana namba 30 ina uzito wa kutosha na ina tundu tayari, ila ndani ina meno, na meno yanakata nailoni. Dawa yake ni kipande cha mwanzi mwembamba, unakichonga kikabane na kukigongea ndani ya nati kwa nyundo, halafu nailoni unaipitisha kwenye tundu la mwanzi. Shibiri mbili kabla ya ndoano unafunga kifungo cha shati, kikubwa kuliko tundu, ili nati isiteremke ikakaa juu ya chambo. Hilo ndilo chubwi la kutembea. Nati inalala chini, lakini samaki akivuta, uzi unapita katikati yake na yeye hasikii uzito wowote. La kukaza limefungwa papo hapo, samaki akivuta anavuta na chuma.

Sasa nimwambie ndugu yangu wa Morogoro kitu kimoja kuhusu kambale. Kambale ni kama mama anayechagua nyanya sokoni, anabonyeza, anarudisha. Ana sharubu, anapapasa kwanza. Mwaka jana, mwezi wa tisa, maji yakiwa machache na yametulia, nilikaa jioni na mjukuu wangu upande wa chini wa daraja. Yeye alikuwa amekaza plagi kuukuu ya bodaboda, anazipata bure kwa fundi pikipiki. Chambo kilikuwa kipande cha sabuni ya mche, na asiyejua kwamba kambale hupenda sabuni aulize mtu yeyote wa Rufiji. Uzi ulitikisika mara moja, ukanyamaza. Ukatikisika tena. Mara ya tatu kijana akasema, "Babu, ananichezea huyu." Akavuta, sabuni imeng'atwa pembeni, samaki hayupo.

Nikamfungia nati. Haikupita nusu saa uzi ukaanza kwenda wenyewe, polepole, bila kutikisika, kama mtu anayeondoka na ndala za mwenzake msikitini. Nikamwambia asubiri. Akahesabu mpaka tano, akavuta. Kambale wa urefu wa mkono. Sasa uvivu uko wapi hapo? Chubwi la kutembea linataka ushike uzi kidoleni muda wote, kwa sababu samaki hajinasi, unamnasa wewe. Ukienda kuvuta sigara atameza ndoano mpaka tumboni, au ataingia nayo kwenye mizizi ya mti. Mvivu ndiye anayekaza, maana samaki akishtuka na kukimbia ule uzito unamchoma ndoano wenyewe.

Lakini sitaki nionekane nimeoa nati. Maji yakiwa na kasi, nati ni hasara tupu. Mto unasukuma uzi unapinda kama upinde, unapita bure kwenye tundu, chambo kinakwenda kinakotaka, na samaki akiuma hujui. Mchanga nao unajaa kwenye mwanzi, uzi unakwama, na hapo chubwi la kutembea limeshakuwa la kukaza bila ridhaa yako. Mafuriko ya masika ya 2024, yale yaliyohamisha watu Rufiji na Kibiti, yalipoanza kushuka nilipoteza nati tatu siku moja kwenye magogo. Ya mwisho ilikwenda na nailoni yote.

Siku hizo nakaza, ila sikazi juu ya uzi wenyewe kama alivyoelekeza yule bwana. Plagi naifunga mwishoni kabisa, kwa uzi wa cherehani uliokunjwa mara mbili, na ndoano inakaa juu yake kwenye tawi fupi la nailoni. Plagi ikinasa kwenye gogo, uzi wa cherehani unakatika, unaacha plagi tu, na samaki unaye. Kitoga wangu mkubwa wa mwaka ule nilimtoa hivyo hivyo, plagi imebaki chini. Kitoga habonyezi nyanya, anameza na kuondoka, kwake chuma si tatizo. Na ukikaza juu ya uzi mkuu, uzi ukikatikia juu, samaki anaondoka na mzigo mdomoni mpaka afe. Hilo halinipi usingizi mzuri.

Kwa hiyo swali la lipi bora kuliko lipi halina jibu mpaka uniambie maji yakoje leo. Na leo Rufiji haitabiriki. Tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, mto haufuati tena miezi niliyoizoea. Zamani nilijua mwezi wa nne plagi, mwezi wa tisa nati. Sasa nabeba vyote viwili kwenye kopo la maziwa, nafika, natupa kijiti majini, naenda sambamba nacho ukingoni. Kikinipita mwendo, nafunga plagi. Natembea juu, mbali na maji, mamba wapo.

Jambo jingine, dogo lakini limeniuma. Yule bwana alishauri vijana wayeyushe risasi ya betri za gari wajitengenezee machubwi. Vijana hapa wanafanya hivyo, tena kwenye sufuria iliyokuwa ya kupikia. Gazeti hili hili lisichapishe ushauri wa namna hiyo. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walifika mahakamani kwa ajili ya sumu ya kiwanda kilichoyeyusha betri karibu na nyumba zao, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Plagi ya bodaboda ni bure.

Naomba mwandishi wa Morogoro atuambie, kupitia ukurasa huu, alivulia mto gani, mwezi gani, na alikuwa anamtafuta samaki gani. Nati za kivuko nimebakiwa na mbili. Moja nitampa, na mwanzi wake.

Fundi mstaafu wa kivuko,
Rufiji