Barua ya malalamiko: amplifaya mbili za mono mlizoniuzia kama jozi

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Vyombo vya Muziki,
Kisumu.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: AMPLIFAYA MBILI ZA TRANSISTA NILIZONUNUA KWENU KWA SHILINGI 185,000

Mliniuzia amplifaya hizi kama jozi, wati 600 kila moja. Si za wati 600, na wala si jozi. Naomba mnirudishie pesa zangu, au mnipe jozi inayolingana ambayo nguvu yake imeandikwa kwa ukweli.

Kijana wenu wa mauzo alinipokea vizuri, kwa hilo sina neno naye. Kabla hajanionyesha chochote nilimweleza kwamba spika zangu ni za omu 4, na kwenye besi hushuka hadi karibu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani; zikipungua, spika huvuta mkondo mwingi zaidi). Ni nzito kusukuma: hutoa desibeli 86 tu kwa wati moja, ukipima mita moja mbele yake. Nilimwambia pia kwamba nasikiliza benga na rumba, muziki ambao gitaa la besi halipumziki tangu wimbo uanze hadi uishe. Ndiyo sababu nilitaka amplifaya ya transista, si ya valvu, kwa kuwa hushikilia koni ya besi isiyumbeyumbe. Na ndiyo sababu nilitaka mono mbili, yaani moja kwa kila spika, badala ya amplifaya moja ya stereo, ili kila upande uwe na transfoma yake, besi ya kushoto isiunyang'anye upande wa kulia umeme, na kila boksi likae kando ya spika yake, waya uwe mfupi. Alinijibu kwamba omu 4 si shida kabisa kwa chombo hiki. Nilitoa pesa kwa neno hilo.

Nyumbani, wimbo wa kwanza wenye besi nzito ulipofika katikati, relei, ile swichi ya kinga iliyo ndani, ililia "tak", taa nyekundu ikawaka, upande wa kulia ukanyamaza. Sauti haikuwa kubwa. Tulikuwa bado tunazungumza sebuleni bila kupaaza. Tangu hapo hali ni hiyo hiyo kila besi ikishuka chini.

Tafadhali geuzeni boksi moja mtazame nyuma, pale waya wa stima unapoingia. Fyuzi imeandikwa T1.6A, yaani ampea 1.6. Stima yetu ni volti 240. Zidisheni: ni wati 384. Chombo kinachoruhusiwa kuvuta kiasi hicho kitatoaje wati 600 mfululizo, ilhali sehemu ya umeme huo lazima ipotelee kwenye joto la transista? Kingejaribu, fyuzi ingekatika. Jibu nimelipata katika kijitabu chenu chenyewe, kwa herufi ndogo: wati 600 ni za kilele, yaani za kufumba na kufumbua tu, kwa omu 2. Kwa omu 8 ni wati 90 mfululizo. Kuhusu omu 4, jambo nililouliza waziwazi, hakuna hata mstari mmoja.

Sidai wati nyingi kwa ajili ya kujisifu. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, na sikio hulisikia hilo kama ongezeko dogo. Wati 100 za kweli zingeitosha sebule yangu, mradi transfoma iweze kusukuma mkondo mara mbili spika inaposhuka kutoka omu 8 hadi 4. Ndiyo maana nguvu kwa omu 8 na nguvu kwa omu 4 huandikwa pamoja na kila mtengenezaji anayejiheshimu. Marekani ina kanuni tangu mwaka 1974 inayomtaka anayetangaza amplifaya ya nyumbani ataje nguvu ya mfululizo. Ninyi mmeandika ya kilele kwa herufi kubwa juu ya katoni.

Lililoniuma zaidi ni kwamba hata zikiwa na sauti ndogo, mwimbaji hakai katikati. Amevutwa kushoto. Nikayahamisha maboksi, la kushoto kulia na la kulia kushoto, naye akahamia kulia. Kwa hiyo tatizo si spika wala chumba. Nikapiga mlio mmoja wa besi, wa hezi 50, kwa pande zote mbili na kuweka mita pale waya za spika zinapofungwa: upande mmoja volti 4.0, mwingine 3.2. Hiyo ni tofauti ya karibu desibeli 2. Kisha nikaona kibandiko cha chini: moja ni toleo A, nyingine ni toleo C. Mlichukua mbili zilizobaki ghalani mkazifunga pamoja. Amplifaya ya stereo ikiwa na kasoro hii, wengi wangeirekebisha kwa kitufe cha mizani. Za mono hazina kitufe hicho, na zinategemea kabisa zifanane.

Nilipozirudisha, fundi wenu alisema niziache zicheze kwanza hadi zizoee. Kucheza hakubadilishi fyuzi wala toleo. Mhudumu naye akanionyesha maneno ya risiti, kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili anufaike nayo. Mstari wa risiti hauwezi kuifuta Katiba.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Mkichagua kunibadilishia, nataka toleo moja kwa maboksi yote mawili, nguvu ya mfululizo iandikwe kwa omu 8 na kwa omu 4, na zipimwe mbele yangu kabla sijaondoka dukani. La sivyo nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na kudai pesa zangu katika Mahakama ya Madai Madogo.

Nimeambatisha nakala ya risiti na picha za fyuzi, vibandiko na ukurasa wa kijitabu. Maboksi yako tayari kwenye katoni zake, na mwaweza kuyachukua siku yoyote baada ya saa kumi jioni.

Wenu,
Mteja, Mamboleo, Kisumu