Barua ya Wazi kwa Walimu Wanaokaribia Kustaafu

Walimu wenzangu,

Nawasalimu kwa heshima. Ninawaandikia ninyi mliobakiza miaka michache kufikia umri wa kustaafu, uwe ule wa hiari wa miaka 55 au ule wa lazima wa miaka 60. Katika semina za maandalizi mtaelezwa mengi kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kukadiria mafao, ufugaji wa kuku na matapeli wanaonyemelea mafao ya mkupuo, lakini ni nadra mtu kuwaeleza mtakavyoikabili Jumatatu ya kwanza isiyo na kipindi, au mume na mke waliozoea kuonana jioni watakavyokaa pamoja kutwa nzima.

Mabadiliko hayo huumiza hata pale fedha zinapotosha. Wapo wanaokosa usingizi, wapo wanaokuwa wakali kwa mambo madogo, wapo wanaofika kilabuni saa nne asubuhi, na wapo wanaozunguka hospitali wakitibiwa presha bila mtu yeyote kuwauliza nyumbani kukoje.

Nawashauri mwoneni mshauri nasaha, tena kabla ya siku yenyewe, na ikiwezekana mwende na wenzi wenu. Najua mtanijibu kwamba wazee wapo. Mimi ni mmoja wao, nimekaa vikao vingi vya ukoo, na kwa hiyo naweza kusema bila kumvunjia mtu heshima kwamba kikao cha wazee hufaa zaidi kuamua nani amekosa na nani alipe. Mstaafu anayeona haya kwa kushindwa kumaliza nyumba, au anayemwogopa mwanawe anayemdai mtaji, hatayasema hayo mbele ya shemeji zake.

Mshauri nasaha hana maslahi katika jambo lako. Ana wajibu wa kutunza siri zako, isipokuwa pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini. Hatakuamulia; atakusikiliza, kisha mtayatenganisha yaliyosongamana, lipi ni la fedha, lipi la ndoa, lipi la upweke, na mtachagua moja linaloweza kushughulikiwa wiki hiyo. Utaondoka na hatua ndogo, pengine kuandika matumizi ya mwezi pamoja na mwenzi wako au kurudi kwenye kwaya uliyoiacha, na mtakapokutana tena mtatazama kilichofanyika na kilichokwama. Ada ya mtoto itabaki ile ile, lakini utaifikiria ukiwa umepata usingizi wa kutosha.

Anayedhani uzee peke yake unatosha kwa kazi hii aitazame Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na akina bibi 14 huko Mbare, Harare, ambao waliketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa na wasikilizaji wa aina hiyo walikuwa na dalili chache za msongo na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Bibi hao walifundishwa kwanza, wakasimamiwa, na nadhani somo gumu kwao lilikuwa lile lile linalotushinda sisi wazee na walimu, yaani kunyamaza mtu anapozungumza.

Kwa kuanzia, muulizeni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au wa hospitali iliyo karibu. Asiyelala kwa zaidi ya wiki mbili, aliyepoteza hamu ya kula na ya watu, au anayewaza kujidhuru, asisubiri miadi ya ushauri; apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, naye asiachwe peke yake.

Nanyi waandaaji wa semina, punguzeni saa moja ya kuku, mumpe mshauri nasaha azungumze, na wenzi wa wastaafu waalikwe.

Wenu katika kazi,
Mwalimu mstaafu