Mzee akianza kusahau, na figo zake zipimwe

Ndugu Mhariri,

Mama yangu ana miaka 71. Mwaka jana alianza kuniita kwa jina la marehemu mama mdogo. Asubuhi moja alitia chumvi kwenye birika la chai, akaonja, akaongeza nyingine. Majirani wakasema ni uzee. Shangazi akasema kuna mkono wa mtu. Zahanati walimpima presha, wakaandika dawa zilezile, tukarudi nyumbani.

Kilichotushtua ni miguu. Ilivimba hadi kandambili zikagoma kumwingia. Tulipompeleka hospitali, daktari kijana akauliza anatumia dawa gani za maumivu. Nikafungua kibegi chake nikatoa diklofenaki, vidonge alivyokuwa akijinunulia duka la dawa miaka nenda rudi kwa ajili ya magoti; kumbe vikitumiwa muda mrefu vinaweza kuumiza figo. Akaagiza kipimo cha mkojo na cha kreatinini, uchafu wa kwenye damu unaoonyesha figo zinavyochuja. Protini ilikuwa imejaa kwenye mkojo, na figo zilikuwa zinachuja chini ya nusu ya kawaida.

Sikuwahi kuwaza kwamba figo zinaweza kugusa akili ya mtu. Kumbe kati ya damu yote inayosukumwa na moyo, karibu moja ya tano huenda kwenye figo, na ubongo nao huchukua karibu asilimia 15. Vyote viwili vinaishi kwa mishipa membamba mno, na presha au sukari ikishaitafuna ya figo, ya ubongo nayo haisalimiki. Wenye ugonjwa sugu wa figo wamo katika hatari zaidi ya kupoteza kumbukumbu. Isitoshe, figo zikielemewa sana, uchafu unaobaki kwenye damu peke yake humchanganya mtu akili, na mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kupungua akitibiwa. Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, haina tiba ya kuiponya. Ndiyo maana inaniuma mzee anapopewa jina la ugonjwa huo, au kuambiwa ni umri tu, na hakuna aliyegusa figo zake.

Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer. Vipimo vya aina hiyo vitatufikia na sisi. Madaktari wetu wajue mapema kwamba baadhi ya protini zinazotafutwa hupanda kwenye damu ya mtu mwenye figo dhaifu, hivyo majibu yake yakisomwa bila kreatinini pembeni yanaweza kupotosha.

Ombi langu ni kwa kliniki za presha na sukari, ambako wazee wetu wanapanga foleni kila mwezi. Angalau mara moja kwa mwaka wapimwe mkojo na kreatinini, na aliyewasindikiza aulizwe: siku hizi anasahau? Na ndugu zetu wa maduka ya dawa, mzee mwenye presha akija kutaka diklofenaki, tafadhali mrudisheni kwa daktari kwanza.

Mama ameacha vile vidonge, presha imeshuka, na uvimbe umepungua. Kuna siku bado ananiita mama mdogo. Juzi usiku, lakini, aliniuliza mwenyewe kama ameshameza dawa, halafu akanyoosha mkono nimpe daftari tunaloandikia, ahakikishe.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga