Heri ya Krismasi kutoka Moshi, pamoja na neno kuhusu nyimbo za 2024

Wazee wetu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Ndugu zetu mlioko Dar, Mwanza, Dodoma, Nairobi na ng'ambo, mlio njiani kupanda mlimani na mlioshindwa safari ya mwaka huu: Bwana Yesu asifiwe, na kwa wasio wa imani yetu, amani iwe juu yenu. Sisi mafundi mitambo na madijei wa Moshi na Arusha tunawatumia salamu za Krismasi na Mwaka Mpya 2025. Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha hapa. Si wote waliofika.

Mwaka haukuwa mwepesi, na hakuna haja ya kuupaka rangi. Ulianza na mgawo wa umeme, mpaka Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere, wa megawati 235, ulipoanza kuingiza umeme kwenye gridi. Kwa watu wa kazi yetu mgawo ni petroli tu. Jenereta ndogo ya kVA 2.5, ikibeba nusu ya uwezo wake, hunywa karibu lita moja kwa saa. Sherehe ya kuanzia mchana hadi usiku wa manane ni lita kumi, na lita moja ilishapita shilingi 3,000. Mwenye sherehe haelewi hayo, anajua bei ya mwaka juzi. Sukari nayo ilifika 4,000 kwa kilo na kuendelea. Aprili mvua ikatuachia Arusha ule msiba wa watoto wa shule, na kwa wiki kadhaa hakukuwa na mtu mwenye moyo wa kuulizia spika. Nauli za basi mnazijua wenyewe.

Pamoja na hayo, muziki haukulala. Februari 4, kule Los Angeles, tuzo za Grammy zilitoa kwa mara ya kwanza tuzo ya wimbo bora wa Afrika, ikaenda kwa binti wa Afrika Kusini, Tyla, kwa wimbo wake "Water". Aliwapita Burna Boy, Davido, Ayra Starr, na Asake aliyeimba na Olamide: Wanaijeria watupu, na kila mmoja alikuja na jeshi la mashabiki. Usiku huohuo Tracy Chapman akatoka na gitaa lake, akaimba "Fast Car" pamoja na Luke Combs, na wimbo wa 1988 ukarudi juu kwenye orodha za mauzo. Hapa Moshi haukuwa umeondoka. Mlimani watu wamekua na Jim Reeves, Don Williams na Dolly Parton. Kwa hiyo Beyoncé alipokuwa mwanamke wa kwanza mweusi kushika namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard, mwezi huohuo wa Februari, wazee wa Machame walishangaa kwamba dunia nzima inashangaa. Kisha Shaboozey, kijana wa Marekani mwenye wazazi Wanigeria, akakaa namba moja kwenye chati kuu ya Marekani kwa wiki 19 na kuifikia rekodi iliyokuwepo. Mwaka wa kantri, basi. Aliyedhani ni muziki wa madereva wa malori peke yao amejibiwa.

Nyumbani, Diamond Platnumz alitoa "Komasava" akiwa na Khalil Harisson na Chley wa Afrika Kusini, kisha Jason Derulo akaingia kwenye rimiksi. Upende usipende, huo ndio wimbo ulioombwa kuliko mwingine kwenye harusi za mwaka huu kuanzia Sakina hadi Himo, na ndio uliotuunguzia spika nyingi. Sababu yake nitaieleza hapa chini.

Kulikuwa pia na ile miezi mitatu ya ububu. Kuanzia Februari 1 hadi Mei mwanzoni, kampuni ya Universal iliondoa nyimbo zake TikTok kwa ugomvi wa malipo, na video zilizokuwa zimetumia nyimbo hizo zikabaki bila sauti. Waliokuwa wamehifadhi kumbukumbu za harusi huko tu walibaki wanatazama watu wanacheza kimya. Tunarudia ushauri wa kila siku: video ya sherehe ihifadhiwe kwenye diski yako, na sauti asilia ya ukumbini iachwe humo. Usiifute ili ubandike wimbo wa mtandao juu yake.

Mwaka huu pia umetunyang'anya watu. Januari alifariki Frank Farian, Mjerumani aliyeiunda Boney M. Jina lake wengi hamlijui, lakini sauti yake mnaijua. Ile sauti nzito ya kiume mliyomhesabia Bobby Farrell miaka yote ilikuwa ya Farian mwenyewe, aliiimba studio, Farrell akacheza jukwaani. Albamu yao ya Krismasi ya 1981 ndiyo inayopigwa kila boma kuanzia Kiboriloni hadi Tarakea, na wiki hii itapigwa tena bila mtu kukumbuka kwamba mwenyewe hayupo. Julai alikwenda Toumani Diabaté wa Mali na kora yake, ile ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi. Novemba alikwenda Quincy Jones, aliyetayarisha "Thriller", akiwa na miaka 91. Mwezi huohuo tukampoteza King Kikii, mzee wa "Kitambaa Cheupe". Huyo hahitaji maelezo. Mama yeyote anayetoa leso mfukoni ukumbini ni shahidi.

Mnisamehe kwa hili la nyumbani. Kaka yangu tulimzika Januari, Kibosho. Nyimbo zilizotoka mwaka huu hakusikia hata mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa anabishana na kila wimbo mpya. Mwaka mzima nimezipiga bila mtu wa kunibishia.

Tuendelee. Mwaka huu pia "Last Christmas" ya Wham! na "Do They Know It's Christmas?" zimetimiza miaka 40. Ile ya Wham! ilizuiwa namba moja Krismasi ya 1984 na hiyo nyingine. Ikasubiri hadi 2023 kushika namba moja ya Krismasi Uingereza, na juzi imeishika tena. Ile ya hisani ya Bob Geldof na Midge Ure ilirekodiwa London Novemba 25, 1984, na mwezi uliopita imetolewa upya, ugomvi ukafufuka kuhusu inavyoieleza Afrika. Humo wanasema Krismasi hii Afrika hakutakuwa na theluji. Walioimba hawakuwahi kusimama stendi ya Moshi asubuhi Kibo, kilele chenye theluji cha Kilimanjaro, ikiwa imefunguka. Dijei anayeipiga boma la mzee aliyesoma Kiingereza ajiandae kwa maswali.

Sasa kuhusu kazi ya wiki hii, maana simu zinaita.

Umeme wa mlimani tarehe 24 hadi 26 si umeme wa Oktoba. Kila nyumba imejaa, kila jiko limewashwa, transfoma ni ileile. Volti 230 hushuka hadi 190 na chini ya hapo. Amplifaya ya kizamani, yenye transfoma nzito ndani, ikipata volti pungufu hutoa nguvu pungufu. Mtu anaongeza sauti kufidia, mawimbi yanakatwa vichwa, taa nyekundu inawaka mfululizo, na tuita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaungua kwanza. Watu husema spika ilizidiwa na nguvu. Mara nyingi amplifaya ndogo iliyosukumwa kupita kiasi ndiyo inayoiua, kuliko amplifaya kubwa iliyotulia. Taa nyekundu iguse mara mojamoja kwenye kilele cha ngoma. Ikiganda, shusha.

Waya nao. Kutoka nyumba kubwa hadi turubai penye migomba ni mita 50 kirahisi. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali huo, mzigo wa ampia 10, unapoteza volti 12 hivi, wa 2.5 unapoteza kama saba. Kama umeme wenyewe ulishashuka, hizo tano zina maana. Uwe umeukunjua wote kutoka kwenye rola, maana ukiachwa umejiviringa hupata joto hadi plastiki inalainika. Friji la soda lisikae kwenye laini moja na mikisa, mashine ya kuchanganya sauti: kila kompresa inapowaka, spika zinapiga "tap", na itakuwa katikati ya sala ya mchungaji.

Kuhusu zile spika za "Komasava". Amapiano, ile midundo ya Afrika Kusini, na nyimbo zilizojengwa juu yake zinategemea besi iliyo chini sana, hezi (mitetemo kwa sekunde) 40 hadi 60 hivi. Spika ya inchi 8 haifiki huko. Ukiiongezea besi, koni inaruka mbele na nyuma bila kutoa sauti ya maana, koili inachemka, kisha kimya. Kata kila kitu chini ya hezi 60 kwa spika ndogo, wimbo utasikika mwembamba kidogo lakini mtafika jioni. Mwenye uwezo akodi spika moja ya besi ya inchi 18, aiweke chini, kwenye kona ya ukuta. Kona inaongeza besi bure.

Nyimbo zenyewe ziwe safi. Wimbo uliovutwa YouTube kwa programu ya bure unaweza kuandikwa kilobiti 320, lakini sauti iliyotoka huko ilikuwa imeshabanwa, na kuandika namba kubwa hakurudishi kilichokatwa. Kwenye simu huwezi kujua. Kwenye spika kubwa, matoazi yanasikika kama yanapigwa ndani ya maji. Ile flashi ya nyimbo elfu moja ya stendi ni ya kwenye gari. Nunua, au sikiliza kwenye programu halali, maana huko ndiko msanii anakohesabiwa hata kama ni senti. Tunapiga kelele kwamba wasanii wetu hawafiki Grammy huku tunawaibia hapa mtaani Majengo.

Mpangilio wa siku hauna siri. Watu wakitoka ibadani ni kwaya na Boney M, kwa sauti ya chini inayoruhusu watu kusalimiana. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikifika, weka dansi, na mwaka huu King Kikii asikose. Bongo Fleva ya mwaka inaingia baada ya mtori kushuka. Amapiano jioni. Ukitaka kuingia singeli usiruke hovyo: amapiano iko kwenye mapigo 112 hivi kwa dakika, tafuta singeli ya 224, mara mbili kamili, na mguu wa mchezaji hautajikwaa. Usikae huko zaidi ya nyimbo tatu. Wazee watakuwa wamekaa chini wote na vumbi limefika kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi.

Maikrofoni isisimame mbele ya spika, itapiga mluzi. Na kama wageni wa nyuma hawasikii, usiongeze sauti, ongeza spika mbili ndogo nyuma. Umbali ukizidi mara mbili sauti inapungua desibeli sita, kwa hiyo kumfikia wa mwisho kwa spika za mbele ni kumtesa bibi wa kwanza.

Na hapa, wapendwa, tunasema kama ndugu. Zaburi ya 150 imetaja matoazi yavumayo sana, lakini haikutaja saa nane za usiku jirani akiwa na mgonjwa. Mwenye boma, mlipe dijei wako kabla ya mbege kuisha, si kesho, maana kesho umesharudi Dar. Dijei, usilewe kazini. Dereva, usilewe kabisa; ile barabara ya Rombo kila Desemba inachukua watu wetu, na kila Januari tunafunga spika misibani kwa wale tuliowapigia muziki Krismasi. Enyi mnaokuja na magari mapya, kaeni na wazazi. Zimeni muziki nusu saa, kabla watu hawajachangamka sana, mzungumze yale ya kihamba, shamba la ukoo, na ya mwaka juzi mliyoyakimbia. Asiyesemeshana na ndugu yake atafute sale, jani letu la kuombea msamaha, aende. Tunza wazazi wakiwa hai. Msiwaletee spika mpya wakati paa linavuja. Sherehe ya milioni huku ada ya Januari haijapatikana ni dhambi tunayoishangilia sote, nasi watu wa mitambo tumo, maana hela yake tunaila.

Tunawatakia Krismasi njema yenye amani, upendo na furaha, na heri na fanaka za Mwaka Mpya 2025. Mungu awalinde barabarani, awaponye wagonjwa, awafariji waliofiwa. Waliokodi vifaa kwa ajili ya tarehe 25, turubai na spika zirudi tarehe 27 kabla ya saa sita mchana, na waya zikunjwe kwa duara, si kwa kiwiko.

Ni sisi mafundi mitambo wenu,
Moshi, Desemba 2024.