Kwa mdogo wangu, uliyepasua mpira wa Baba kwa wembe

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka Ujiji. Sisi tu wazima na maembe ya uani yameanza kuiva. Nimesikia kwamba utafiti wako wa utando wa bakteria umepokelewa vizuri na kwamba maabara yenu imeongezewa fedha. Hongera sana. Baba angefurahi kuliko sisi sote, maana ndiye aliyeuza injini ya mtumbwi ili wewe usome, na hakuwahi kununua nyingine.

Ningeweza kukuandikia haya faraghani. Lakini wewe ulisema mbele ya watu, wakiwemo waliotoka Kibirizi na Kasulu, nami sina namna ya kuwafuata mmoja mmoja majumbani kwao.

Ulifika hitma imekwisha kusomwa na watu wangali kwenye mikeka. Kabla hujanywa hata maji, uliulizia ule mpira wa mkojo aliokuwa nao Baba, ule mrija laini unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo. Nilikuwa nimeuhifadhi kwenye kopo lenye mfuniko kwa sababu wewe mwenyewe ulinipigia simu ukaniomba nisiutupe, nami nikadhani unauhitaji kwa kazi zako. Ukaagiza kisosi na wembe. Ukaupasua kwa urefu pale pale barazani, ukaupanua kwa vidole viwili, na ndani yake kukaonekana ukoko mweupe, wenye chengachenga, uliokuwa umekaribia kuziba njia yote. Ukasema, “Hiki ndicho kilichomuua mzee.” Shangazi akauliza, kwa sauti iliyofika hadi jikoni, kama mpira huo ulikuwa hausafishwi. Hukujibu. Uliendelea kukigeuzageuza kisosi ukitafuta mwanga, na macho ya watu yakahama kutoka kwenye kisosi yakaja kwangu.

Hukujibu, na jibu ulikuwa nalo.

Najua ulikuwa nalo kwa sababu makala ulizokuwa ukinitumia nilizisoma, polepole, na kamusi mkononi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba bakteria akifika juu ya kitu kigeni ndani ya mwili hujishikiza, huzaana, kisha yeye na wenzake hujifunika kwa ute wanaoutengeneza wenyewe, wenye sukari, protini na vinasaba, na huo ndio utando. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba kwa mgonjwa mwenye mpira wa mkojo, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7 kila siku, na kwamba ukifika mwezi mmoja karibu kila mgonjwa anao, hata akiuguzwa katika hospitali kubwa kuliko zote. Ukanieleza habari za bakteria aitwaye Proteus mirabilis, ambaye kimeng’enya chake huvunja urea na kutoa amonia, mkojo ukapoteza uchachu wake, madini ya kalisi na magnesi yakaganda ndani ya utando hadi njia ikaziba. Huo ndio ukoko uliowaonyesha watu kwenye kisosi cha mama yetu. Ndani ya mpira uliomo mwilini mwa mtu hakuingii brashi wala sabuni. Shangazi alistahili kuambiwa hivyo, kwa sentensi moja tu.

Nasema haya nikijua wema wako. Dawa ulizilipia, na mipira ya silikoni uliituma kwa msafiri kwa sababu ulisema ni bora kuliko ile ya kawaida. Hata ule uliopasua ulikuwa mmojawapo wa hiyo uliyoituma. Sikulitaja jambo hilo siku ile, ingawa lilinifika kooni, kwa sababu msiba ulikuwa wetu sote na kwa sababu wewe mwenyewe uliwahi kuniandikia kwamba Proteus huiziba hata silikoni.

Kisha kuna habari ya homa. Wapo walionong’ona kwamba nilikuwa nikikatisha dozi, kwa kuwa kila homa iliposhuka ilirudi. Baba alimeza vidonge vyote, mbele ya macho yangu, hata alipokuwa hataki uji. Homa ilirudi kwa sababu zile zile unazowafundisha wanafunzi wako: dawa huwaua bakteria wanaoelea kwenye mkojo, lakini walioko ndani ya utando wanaweza kustahimili kiasi cha dawa mara 10 hadi 1,000 ya kile kinachowaua wenzao, maana walio chini kabisa wana njaa, hawakui, na dawa nyingi huhitaji adui anayekua. Mtafiti Joseph Bigger aliona mwaka 1944 kwamba penisilini huacha bakteria wachache hai ambao wala si sugu, na watoto wao hufa kwa dawa ile ile. Leeuwenhoek, yule Mholanzi wa hadubini, katika miaka ya 1680 alisukutua meno yake kwa siki akakuta imewaua tu wadudu wa nje ya utando wa menoni, wa ndani wakabaki. Hayo yamejulikana miaka mingi hivyo, halafu mimi ndiye niliyetazamwa kana kwamba niliviuza vidonge sokoni.

Unakumbuka mawe ya Katonga, pale ulipoteleza ukavunja jino, Baba akakubeba mgongoni hadi barabarani huku akikugombeza? Uliniambia ulipokuwa chuoni kwamba ule utelezi nao ni utando wa viumbe wadogo, na kwamba wapo samaki wa Ziwa Tanganyika wanaoishi kwa kuukwangua juu ya mawe. Ulifurahi kama mtoto. Ukanisomea maneno ya mtafiti Costerton, aliyeandika mwaka 1978 na wenzake kwamba bakteria wengi katika maumbile huishi wakiwa wameshikamana na kitu, si kwa kuelea peke yao. Hakuna mtu aliyewahi kusema mawe yale yanateleza kwa sababu watu wa Katonga ni wachafu.

Nakushauri kama dada yako: elimu ikipelekwa msibani ipelekwe yote. Nusu yake humwangukia aliye karibu na kitanda. Mikono nilinawa kabla na baada ya kuushika mpira. Mfuko wa mkojo niliuning’iniza chini ya usawa wa kibofu, kwenye mguu wa kitanda, na haukugusa sakafu. Tarehe za kubadilisha mpira nilizifuata, na ulipoziba usiku wa manane ni mimi niliyesimama barabarani kutafuta bajaji huku Baba akiwa ameshika tumbo. Upasuaji wa tezi dume tuliuomba, daktari akasema moyo wake hautahimili. Ulikuwa ukiyajua yote hayo. Nilikupigia ukaniambia uko maabara, utapiga baadaye, na mara nyingine ulipiga kweli, sikunyimi hilo.

Shangazi mpaka leo hali chakula nilichokipika mimi bila kuniuliza kwanza kama nimenawa. Huniuliza kwa upole, na ule upole ndio unaonichosha. Mpigie. Namba yake haijabadilika, na simu huwa mkononi mwake baada ya swala ya isha. Mweleze jinsi utando unavyojengeka, usiruke pale pa mpira wa silikoni, na umwambie kwamba ndani ya mpira hakusuguliki. Atauliza maswali mengi, yajibu yote. Ukimaliza naye, nipigie mimi, maana ile karatasi ya kiwanja cha Mwanga bado inahitaji saini yako.

Dada yako