Kuni za karatasi zinafaa, ila zisisifiwe kupita kiasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kuni za karatasi, ambazo baadhi ya majirani zangu hapa Mkuyuni, Mwanza, wameanza kuzitengeneza na kuziuza wakidai kwamba zinaushinda mkaa. Nimezitengeneza kwa miaka kadhaa na ninazipenda, lakini dai hilo silikubali.

Kazi yenyewe haina siri. Karatasi huchanwachanwa, zikalowekwa kwenye ndoo kwa siku 2 au 3, kisha zikatwangwa hadi ziwe rojo zito, ambalo huchanganywa na unga wa mbao kutoka kwa maseremala au pumba za mpunga. Nyuzi za karatasi zenyewe ndizo zinazoshikamanisha, bila gundi yoyote. Mimi hushindilia rojo hilo ndani ya kopo la rangi nililolitoboa kwa msumari pande zote ili maji yachuruzike, huku kipande cha bomba jembamba kikiwa kimesimama katikati, kwa sababu ukuni wenye tundu hupitisha hewa na hukauka upesi.

Kukauka ndiko kunakowashinda wengi. Mwaka wa kwanza nilitengeneza kuni nene kama paja mwezi Aprili, masika yamepamba moto, na baada ya wiki 3 ukizigonga zilikuwa zinalia kwa ukavu. Mke wangu akautia mmoja jikoni, nyumba nzima ikajaa moshi. Tulipoupasua tukakuta ndani bado ni teketeke kama ugali. Moto wote ulikuwa unachemsha maji ya ukuni badala ya maji ya maharage. Tangu hapo natengeneza nyembamba, kati ya Juni na Agosti, nikizianika juu ya kichanja kama dagaa wa mwaloni na kuzigeuza kila siku.

Si kila karatasi inafaa. Zinazong'aa, kama za kalenda, zimepakwa udongo mweupe, hivyo huacha jivu jingi, na maboksi ya juisi yenye utando wa plastiki yasiguswe kabisa. Mifuko ya kaki, ambayo imezagaa tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, ni mizuri mno. Hata gazeti lako, uniwie radhi, hulowana vizuri.

Hata hivyo karatasi huwaka haraka. Itachemsha chai na kukaanga dagaa, lakini kwa makongoro utashinda ukichochea. Moshi nao upo, kwa hiyo tusizihesabu katika nishati safi ya kupikia ambayo serikali inataka itumiwe na asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Hizi ni kuni, na zipikiwe nje.

Faida kubwa naiona maofisini na mashuleni, ambako mafaili ya zamani na karatasi za mitihani huchomwa shimoni, nyingine zikapeperuka hadi mitaroni na mwishowe ziwani. Nimewahi kuomba za ofisi moja nikajibiwa kwamba ni nyaraka za siri. Karatasi iliyolowekwa siku 3 ikatwangwa haisomwi na mtu, ilhali ile iliyoungua nusu nimeiokota barabarani ikiwa na jina na alama za mwanafunzi. Ninachoomba ni gunia moja la karatasi kavu, likae mbali na pipa la mabaki ya chakula, maana karatasi iliyolowa mchuzi huoza kabla haijafika kinuni. Gunia hilo nitalifuata mwenyewe kwa baiskeli kila Ijumaa.

Msomaji wako,
Mkuyuni, Mwanza